Pua ya Plastiki Ukutani kwa Kalekye

Watoto wa Kalekye walikuwa wanalala vizuri mno. Jambo hilo ndilo lililompa sifa pale Lindi, mtaa wa mabanda ya mabati jijini, na jambo hilo hilo ndilo lililokuja kumtukanisha.

Si watoto wa tumbo lake. Wa tumbo lake ni mmoja, Musembi, mtu mzima mwenye familia yake huko Athi River, anayepiga simu akikumbuka. Hawa ni watoto wa watu, wanaoletwa mlangoni kwake asubuhi kungali na baridi, mgongoni kwa mama wanaokimbilia kufua nguo za watu mtaa wa Olympic au kutafuta kibarua popote kitakapopatikana. Kalekye anawapokea, anawafuta kamasi, anawapa uji, anawaimbia nyimbo za kwao Kitui ambazo hawaelewi hata neno moja, na jioni anawarudisha kwa wenyewe wakiwa wazima. Ndiyo kazi yake tangu magoti yalipokataa kusugua sakafu za matajiri. Mumewe Nzuki, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mawe. Alipoanguka kwenye jengo hakuacha kitu ila nyundo na jina zuri. Nyundo iliibwa wiki ile ile ya matanga. Jina zuri Kalekye alilishika kwa mikono miwili, na hakutaka mtu aliguse.

Watu walimwita mama mkali. Ni kweli alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuwa wa kutafuta ugomvi. Alikuwa na hasira kama vile mwingine ana presha: anaishi nayo, anaichunga, na siku nyingi imetulia tu. Tatizo ni kwamba mwaka huu kijana mmoja, Duncan, alihamia chumba cha pili.

Vyumba vya kupanga vya ploti ile ni vya mabati, na kati ya chumba na chumba kuna bati moja lenye matundu ya misumari ya zamani. Hapo mwanzo upande wa pili alikaa kinyozi, mtu wa redio na kelele, lakini kelele haiui. Kinyozi alipoondoka, Duncan akaingia na mapipa. Kazi yake ni kuuza thina, ile ya kuzimulia rangi, na gundi ya viatu. Ananunua kwa pipa, anapima kwa chupa, anawauzia mafundi wa viatu, wapaka rangi wa makochi, na kila mwenye brashi mkononi kutoka hapo mpaka Kawangware. Kijana mchapa kazi, si mwizi, si mlevi. Anaamkia watu. Lakini kila akifungua pipa, harufu ilipenya matundu yale ya misumari ikaingia kwa Kalekye na kukaa, kwa sababu chumba cha Kalekye hakina dirisha, kina mlango tu.

Hapo ndipo watoto walipoanza kulala. Mwanzoni mama zao walifurahi. "Kwa Mama Musembi mtoto analala mpaka unamkuta na nguvu," walisifu. Kalekye mwenyewe akafikiri labda ni uji ameanza kuupatia. Lakini usingizi ukazidi. Mtoto analala kijiko kikiwa mdomoni. Mtoto anaamka na kushika kichwa kama mzee. Mitchelle, kasichana ka Aoko, mama wa kufua nguo Olympic, katoto kasichokaa chini hata ukikafunga kwa kamba, siku moja kalilala saa za uji, kakatikiswa, kakafungua macho mekundu, kakatapika, kakalala tena.

Kalekye alitoka nje mwiko mkononi.

"Duncan! Hebu toka."

"Niaje, mathe."

"Hakuna niaje. Thina yako inaingia kwangu."

"Mathe, thina iko kwa pipa. Pipa iko na kifuniko. Itaingia aje?"

"Sasa pua yangu inanidanganya?"

"Mimi sijasema hivyo. Lakini pua pia huzeeka, mathe. Hata macho huzeeka." Akacheka, na mteja wake aliyekuwa akingoja chupa akacheka naye.

Mwiko ulitaka kufanya kazi nyingine ambayo haukutengenezewa. Kalekye akaurudisha ndani. Alimpigia simu mwenye ploti, mwenye ploti akasema yeye anapangisha vyumba, hapangishi hewa. Maneno hayo Kalekye aliyameza, na yakamkwama hapo kifuani muda mrefu.

Lakini lililomchoma zaidi halikutoka kwa Duncan wala kwa mwenye ploti. Lilitoka kwa mama wenyewe. Lilianza kama mnong'ono bombani, pale watu wanapopanga mitungi ya maji: Kalekye anawapa watoto dawa. Ile ya mafua, ya maji, inayolaza. Si mnajua wale wanaolea watoto wengi wanavyofanya? Anawanywesha, wanalala kama magunia, yeye anakaa raha mustarehe. Na huko Sarang'ombe, mtaa wa jirani, kulikuwa na mmoja aliyefanya hivyo kweli, kwa hivyo neno lilikuwa na mahali pa kukanyaga.

Kalekye aliposikia, aliingia ndani akafunga mlango. Mimi! alisema peke yake chumbani. Mimi niliyelea watoto wa watu mpaka wengine sasa wana ndevu!

Akaenda kwa Mzee Osewe. Osewe ni fundi cherehani, mzee wa nyumba kumi, mtu wa kando ya ziwa anayeongea polepole kama anayepima kitambaa. Aliwaita Duncan, Kalekye na mama wachache, wakakaa mbele ya cherehani yake kwenye benchi na madebe.

"Huyu anasema hewa ni mbaya," Osewe alisema. "Huyu anasema ni safi. Hawa wengine wanasema maneno ambayo sitayarudia mbele ya Mama Musembi. Mimi pua yangu imejaa vumbi la vitambaa, siwezi kuwa hakimu. Lakini kuna watu wa chuo kikuu wanatembea na mashine za kunusa. Wameziweka kwa mafundi wa viatu Kawangware. Tuwaite. Mashine ikisema hewa ni mbaya, Duncan anahama. Ikisema ni safi, Mama Musembi anamwomba Duncan msamaha hapa hapa, na maneno ya thina yanaisha. Tumekubaliana?"

Wakakubaliana. Kalekye alikubali kwa moyo wote. Aliona haki imeshapatikana, imebaki tu kuletwa.

Aliyeileta haki hiyo ni msichana mmoja anayeitwa Amondi, mwembamba, mwenye begi kubwa mgongoni na adabu nzuri. Alikuwa anasomea mambo hayo chuo kikuu. Akatoa kitu kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye taa moja na kitundu mbele. Ndani ya kitundu ukaonekana utando mwembamba unaong'aa wenye mistari kama ya gazeti.

"Hii ni transista, shosho," alimwambia Kalekye, kama anayemwambia nyanya yake.

"Kama ya redio?"

"Ni ukoo mmoja na ya redio. Lakini ile ya redio ni ya mawe magumu. Hii ni plastiki, ila plastiki inayopitisha umeme. Tunaichapisha kama gazeti, ndiyo maana si ya bei. Mvuke wa thina ukiingia hapa kwenye utando, unanyonywa na ile plastiki, basi umeme unaopita unabadilika. Ukibadilika kidogo, taa inakuwa njano. Ukibadilika sana, nyekundu. Hewa ikiwa safi, kijani. Na habari zinakuja kwa simu yangu na kwa simu ya mzee."

"Kwa hivyo ni pua."

"Ni pua, shosho. Na haizeeki upesi," Amondi akacheka bila kujua amegusa kidonda. "Ila haipendi maji. Maji yakiipata hapa mbele inachanganyikiwa. Tafadhali isilowe."

"Haitalowa," Kalekye alisema.

Amondi akaitundika kwenye msumari, juu ya magodoro ya watoto, upande wa bati la Duncan. Akawasha, akaaga, akaenda. Alikuwa na nyingine nyingi za kutundika.

Sasa, mtu aliyelelewa vizuri akiachiwa kitu cha mgeni hakiachi hivi hivi. Pale Lindi rimoti ya runinga inavaa nailoni yake mpaka siku ya mwisho. Redio ina kitambaa. Kochi lina kitambaa, na kitambaa kina kitambaa. Kitu kikikaa uchi, vumbi linakila, mende wanazaa ndani, watoto wanakishika na mikono ya uji, na mwenyewe akija kukichukua utamwambia nini? Na huyu msichana alikuwa amesema kwa kinywa chake: isilowe. Paa la Kalekye lilikuwa linavuja mahali ambapo yeye mwenyewe hakupajua mpaka mvua inyeshe. Na kila asubuhi mvuke wa uji ulipanda ukutani na kutiririka.

Kwa hivyo jioni ile ile Kalekye alichukua nailoni nzito, ile angavu ya kufunikia meza, akakata kipande. Akakivisha kifaa mbele na nyuma, akakikaza kwa selotepu pande zote, akapitisha kidole kuona kama kuna mahali maji yanaweza kupenya. Hapakuwa na mahali. Juu yake akashonea kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, akaacha nafasi ya taa ionekane. Alikitazama akaridhika. Kilipendeza kuliko kalenda.

Taa ilikuwa kijani.

Ikabaki kijani. Duncan anafungua mapipa, watoto wanapikicha macho, Kalekye mwenyewe kichwa kinamgonga, taa ni kijani. Kalekye akawa anaiangalia kila mara kama mtu anayengoja mgonjwa afumbue macho. "Sema basi!" alikuwa anaikemea watoto wakiwa wamelala. "Sema, wewe! Huoni?" Siku Duncan alipomwaga thina mpaka ikatiririka chini ya bati na kulowesha ukingo wa mkeka, Kalekye aliwatoa watoto wote nje wakikohoa, akarudi kuiangalia. Kijani. Ndipo alipoanza kuwaza kwamba kimehongwa.

Siku ya hukumu Osewe alivaa miwani, akasoma simu yake mbele ya watu. Akampigia Amondi, akaweka sauti ya juu ili kila mtu asikie.

"Kijani tu, mzee," sauti ya Amondi ilisema. "Hata sisi huku tunaona hivyo. Mstari umenyooka kabisa tangu mwanzo. Hewa ya hapo haina shida."

Watu wakageuka kumtazama Kalekye. Aoko alikuwa amesimama na Mitchelle mgongoni, mtoto kichwa kimelala upande.

"Kama hewa ni safi," Aoko alisema taratibu, "basi mtoto wangu analazwa na nini?"

"Sema, Aoko. Usitafune maneno."

"Mimi nauliza tu."

"Unauliza ukiwa umeshajijibu!"

"Si ni swali, Mama Musembi? Hewa ni safi. Mtoto anatapika. Nauliza analazwa na nini."

Osewe alikohoa. "Mama Musembi, tulikubaliana."

Kalekye alisimama. Wale wanaomjua walisema baadaye hawakuwahi kumwona mdogo vile. "Duncan," alisema, "samahani."

"Hatujasikia huku nyuma," mtu mmoja akasema.

"Imetosha," Duncan akasema haraka. "Imetosha, mathe. Mimi sina kinyongo." Akanunua soda, akampa Kalekye ya kwanza, kwa heshima, kwa mikono miwili. Na heshima hiyo ilimuuma kuliko tusi. Afadhali angemcheka.

Aoko hakumrudisha Mitchelle. Wengine nao wakaanza kupungua.

Kalekye hakulia. Alikuwa na rafiki Kawangware, Kavetsa, waliyefua naye nguo nyumba moja miaka ile, ambaye siku hizi anashona na kubandika viatu vya wazi kwenye kibanda chake karibu na soko. Kavetsa naye alikuwa na kifaa kama hicho hicho, mwenyewe alikuwa amemwambia kwa simu. Asubuhi iliyofuata Kalekye aliwaacha watoto waliobaki kwa binti wa jirani, akafunga leso kiunoni, akatoka kwa miguu. Hakutaka kupanda gari akae na hasira yake kwenye kiti. Alitembea akapita Olympic, akapita Dagoretti Corner, akiongea peke yake. Alikuwa anakwenda kumwona huyo ndugu wa kile kifaa, ajue kama ukoo mzima ni wa waongo.

Alisikia harufu ya gundi kabla hajafika. Kavetsa alikuwa ameketi katikati ya soli na mikanda, brashi mkononi, na nyuma yake, juu ya msumari, kifaa kilikuwa kinawaka nyekundu kama jicho la mlevi.

"Kalekye wee! Mbona unakuja kama polisi?"

"Hiyo yako," Kalekye alisema bila salamu, "ni nyekundu tangu lini?"

"Tangu waiweke. Ikiwa njano ndio mimi hushangaa. Hata nimefungua huku nyuma upepo upite, na siku hizi najitoa nje kila nikimaliza kupaka. Kwani yako ikoje?"

"Kijani. Na duka zima la thina liko nyuma ya bati!"

Kavetsa aliweka brashi chini. "Haiwezekani. Umeiweka wapi?"

"Ukutani. Pale pale msichana alipoiweka. Nimeitunza kuliko wewe, yako imejaa gundi na vumbi, huoni aibu? Yangu nimeivisha vizuri."

"Umeivisha?"

"Nailoni. Na kitambaa juu."

Kavetsa alimtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Umeivisha nailoni."

"Ile ngumu ya meza. Na selotepu."

"Ngoja. Ngoja kwanza. Umeziba pua selotepu, halafu umeiuliza mbona hainusi?" Kavetsa alicheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka jirani wa mboga akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akacheka.

Kalekye hakucheka. Akaona meza yake, mkasi, nailoni, kidole chake mwenyewe kikipita kwenye selotepu kutafuta mwanya. Na watoto wamelala chini ya kifaa. Aliketi juu ya gunia la mikanda.

"Watoto nimewafungia kwenye thina mimi," alisema.

Hapo Kavetsa akafuta machozi ya kicheko. Akaja akaketi karibu naye. "Sikiliza. Hakuna aliyeona. Nenda nyumbani, toa nailoni polepole, nyamaza. Kesho kikiwaka nyekundu, utasema kimeamka. Mashine huamka. Nani atajua?"

Yalikuwa maneno ya rafiki, na Kalekye aliyabeba njia yote ya kurudi. Yalikuwa na utamu. Kifaa kinaamka, Duncan anahama, na yeye anabaki mama mwenye akili aliyesema tangu mwanzo. Lakini alipofika Olympic aliona shimo lililokuwa ndani ya maneno hayo. Kikiwaka nyekundu kuanzia kesho, basi mpaka leo hewa ilikuwa safi. Na kama ilikuwa safi, kutapika kwa Mitchelle kote kule, macho mekundu kote kule, kulitoka kwenye kijiko cha Kalekye. Nyekundu ya kesho isingemsafisha na ya jana. Ilibidi aseme. Ilibidi asimame pale pale alipoomba msamaha, awaambie alichofanya kwa mkasi wake mwenyewe, wacheke wote kama Kavetsa alivyocheka, na Duncan acheke kuliko wote.

Hasira iliyompanda hapo haikuwa na mwenyewe mmoja. Ilikuwa ya kwake na ya watu wengi. Alitoa simu, akampigia Amondi katikati ya barabara.

"Wewe msichana! Ulisema isilowe!"

"Shosho? Ndiyo, isilowe..."

"Nikaifunga nailoni!"

Sauti ya Amondi ikawa ndogo: "Umeifunga yote?"

"Yote! Wewe hukusema nisiifunge! Ulikuja kuiona hata siku moja?"

"Hapana, shosho."

"Ule mstari wenu ulionyooka, hukushangaa? Chumba cha watoto, kuna uji, kuna jiko, kuna mkojo, na mstari umenyooka kama rula?"

"Nilifurahi, shosho. Nilifikiri kifaa chetu kinafanya kazi vizuri."

"Ulifurahi," Kalekye alisema. "Mimi niliombeshwa msamaha. Kuja leo. Kuja saa hii."

Na kusema haki, msichana alikuja. Alifika na viatu vimejaa matope, hana begi, pumzi juu juu, saa ambazo mama walikuwa wanachukua watoto. Kalekye alikuwa tayari mbele ya cherehani ya Osewe, kifaa mkononi, kimevaa maua yake.

"Mko wengi, vizuri," alisema. "Duncan, sogea. Aoko, nimekuona, usijifiche nyuma ya mama mwenzako Everlyne. Hiki kitu kilisema hewa ni safi. Kilisema hivyo kwa sababu hii nguo nilikishonea mimi. Nailoni ndani, selotepu pande zote. Nilikiziba pua mimi mwenyewe nikidhani nakitunza."

Ilichukua muda kidogo kuwaingia. Kisha kicheko kikaanza nyuma, kikapanda, kikafika mpaka kwa Osewe ambaye alijificha kwenye kitambaa alichokuwa anashona.

"Chekeni," Kalekye alisema. "Chekeni mkimaliza mniambie. Nasubiri."

Waliacha mmoja mmoja, kwa sababu macho yake hayakuwa ya mtu wa kuchekwa muda mrefu. Akachukua wembe wa Osewe, akakata selotepu, akavua kitambaa, akavua nailoni. Kile kitundu chenye utando kikapata hewa.

Hapo nje, penye upepo, taa ilibaki kijani. Duncan akainua mikono. "Si mnaona? Bado kijani."

"Ingiza ndani, mzee," Amondi alisema. "Ingiza wewe mwenyewe, nisije nikaambiwa nimeigusa."

Osewe akaingia chumbani kwa Kalekye akikishika kama anayebeba chai ya moto, watu wamejazana mlangoni. Akakitundika. Walihesabu pumzi zao. Taa ikawa njano. Halafu, kabla mtu hajapata neno, ikawa nyekundu.

"Imeharibiwa na hiyo nailoni!" Duncan alisema. "Imekaa imefungwa, imechanganyikiwa."

Osewe hakubishana. Akakitoa nje, akangoja. Kilichelewa, kikasita kwenye njano, kikarudi kijani. Akakiingiza tena. Nyekundu. Kisha, bila kumwuliza mtu, akaenda mlango wa pili, akanyoosha mkono juu ya mapipa. Nyekundu papo hapo.

"Lakini mimi nakaa humu siku nzima," Duncan alisema, na sauti ilikuwa imepungua, "na sijawahi kulala."

"Ndio maana juzi umenirudishia chenji mara mbili!" mtu akapiga kelele, na safari hii kicheko hakikuwa cha kumcheka Kalekye. Lakini Kalekye aliyaangalia macho ya Duncan, akaona ni mekundu kama ya Mitchelle, akakumbuka kikohozi chake cha asubuhi. Hilo nalo likamwongezea hasira, maana alitaka kumchukia mtu mzima, si mgonjwa.

"Duncan," Osewe alisema, "utahama."

"Niende wapi, mzee? Niambie. Kila mahali kuna bati na nyuma ya bati kuna mtu."

"Kile kibanda cha barabarani kisicho na kuta, karibu na wale wanaoosha magari. Nitazungumza na mwenyewe."

"Wataniibia!"

"Ajiri mlinzi," Kalekye alisema. "Watoto wangu hawana mlinzi. Na ukipeleka mapipa yako nyuma ya mtoto wa mtu mwingine, nitakuja na hiki kitu mkononi mpaka huko. Na safari hii kiko uchi."

"Sawa, mathe," Duncan akasema. Hakununua soda. Asubuhi mkokoteni ulikuja, ukasomba mapipa.

Siku iliyofuata ile ya mkokoteni, mama walianza kurudi mapema, watoto mgongoni, kama vile hapakuwa na lolote. Walikuta mlango wa Kalekye wazi na Kalekye amekaa katikati yake kwenye kigoda, magoti mbele, hapiti mtu.

"Mama Musembi, nimechelewa kazi," Everlyne alisema. "Nipitishe."

"Hampiti. Angalieni ukutani."

Wakachungulia. Taa ilikuwa njano. Thina iliyomwagika ilikuwa imenywewa na sakafu, na sakafu ilikuwa bado inaitoa.

"Ni njano tu!"

"Njano si kijani."

"Sasa tutafanya nini na watoto? Tuwapeleke kazini?"

"Nimetandika mkeka nje, kwa Mzee Osewe, penye upepo. Anayetaka mtoto wake akae huko, alete. Asiyetaka, aende naye. Ndani haingii mtoto mpaka hiki kitu kiseme kijani kikiwa hakijavaa nguo."

Walinung'unika. Kuna waliosema mama huyu sasa amepata mashine imempanda kichwani. Lakini mmoja mmoja walipeleka watoto mkekani, wakakimbia na kazi zao.

Mwisho alibaki Aoko, na Mitchelle anamvuta nywele kutoka mgongoni.

"Nimekuja," Aoko alisema.

"Nimekuona."

"Mimi sikusema ulimpa dawa. Niliuliza tu."

"Basi uliza tena."

Aoko aliangalia chini. Mitchelle alikuwa ameshaona mkeka, anapiga mateke ashushwe. "Nilikosea, Mama Musembi. Wote tulikuwa tunasema hivyo, na mimi mtoto wangu ndiye aliyetapika. Nilikosea. Nisamehe."

Kalekye alinyoosha mikono, akamfungua mtoto kwenye leso ya mamake, akamweka kiunoni, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono kama anavyowagusa wote.

"Mtoto namchukua," alisema. "Wewe bado. Nenda kazini."